Unyevu wa Hewa Nyumbani Wakati wa Kiangazi: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Mkoa wa Tabora una msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Miezi inayobaki ni ya kiangazi, na kadiri Septemba na Oktoba zinavyokaribia, ndivyo hewa inavyozidi kukauka na joto kuongezeka. Wakazi wa Mtendeni na kata nyingine za Manispaa ya Tabora wanazifahamu dalili zake: midomo hupasuka, koo hukereketa asubuhi, baadhi ya watoto hutokwa damu puani, na milango ya mbao husinyaa ikaacha mianya.

Katika kipindi hicho mlaji huoneshwa, madukani na katika matangazo ya simu, mashine ndogo ya umeme inayotoa ukungu mweupe na kuahidi kumaliza adha hizo zote. Mashine hiyo huongeza unyevu katika hewa ya chumba. Inaweza kufaa, inaweza kuwa gharama isiyo na faida, na ikitumiwa vibaya inaweza kudhuru mapafu ya wale iliyonunuliwa kwa ajili yao. Makala hii inaeleza namna ya kujua kama nyumba yako inaihitaji, na kama inaihitaji, aina ipi ichaguliwe.

Unyevu wa hewa ni nini

Hewa hubeba maji yaliyo katika hali ya mvuke usioonekana. Kiasi inachoweza kubeba hutegemea joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi inaweza kubeba gramu 17 hivi za maji. Ikifika nyuzi 30, uwezo huo hupanda hadi gramu 30 hivi. Tunaposema unyevu ni asilimia 40, maana yake ni kwamba hewa imebeba asilimia 40 ya kile ambacho ingeweza kubeba katika joto lile.

Kutokana na maelezo hayo, asilimia ya unyevu hubadilika joto linapobadilika, hata kama maji yaliyomo hewani hayakuongezeka wala kupungua. Chukua hewa ya alasiri yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 25. Hewa hiyo hiyo ikipoa hadi nyuzi 24 chumbani usiku, unyevu wake hupanda wenyewe na kufikia asilimia 39 hivi, bila mtu kuongeza tone la maji.

Kiwango kinachopendekezwa kwa makazi ni kati ya asilimia 30 na 50. Chini ya hapo, ngozi na utando wa pua hukauka. Unyevu ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, ukungu wa kuvu huota ukutani na katika nguo, na wadudu wadogo wa vumbi la magodoro huongezeka. Wadudu hao ni miongoni mwa vichochezi vya pumu. Ni makosa, basi, kudhani kwamba unyevu mwingi zaidi ni afya zaidi.

Pima saa unayolala

Kifaa cha kwanza kununua ni kipima unyevu, ambacho pia huitwa haigromita. Ni kifaa kidogo kinachotumia betri na kuonesha joto na asilimia ya unyevu, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mashine.

Kiweke kando ya kitanda, mbali na dirisha, ukuta unaopigwa na jua na bomba la maji. Andika kinachosomeka mara tatu kwa siku: saa tisa alasiri, saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Fanya hivyo kwa siku saba. Namba ya alasiri itakuwa ndogo, na ndiyo inayowatia watu hofu. Lakini mashine ya chumbani hukusudiwa kwa saa za kulala, kwa hiyo uamuzi utokane na namba za usiku na alfajiri.

Kama namba hizo ziko juu ya asilimia 30 karibu kila siku, chumba chako hakihitaji mashine. Kama ziko chini ya asilimia 30 usiku baada ya usiku, endelea kusoma.

Huenda chanzo si ukavu

Kabla ya kuulaumu unyevu, chunguza mambo mengine yanayokausha au kukereketa koo. La kwanza ni moshi, ama wa jiko la kuni au mkaa unaoingia vyumbani, ama wa moto unaowashwa katika misitu ya miombo na mashamba wakati wa kiangazi. La pili ni vumbi la barabara. La tatu ni kiyoyozi, ambacho hugandisha maji ya hewani na kuyatoa nje kupitia mrija wake. Mashine ya unyevu haiondoi moshi wala vumbi. Aliye katika hali hiyo atapata nafuu kwa kuhamisha jiko, kupiga deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, au kupunguza saa za kiyoyozi.

Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi kipelekwe kituo cha afya ili kipimwe kifua kikuu. Mtoto anayetokwa damu puani mara kwa mara naye aonwe na mtaalamu. Mashine ya unyevu si tiba. Isichanganywe pia na nebulaiza, kifaa cha kuvuta dawa ya pumu ambacho hutumika kwa maelekezo ya daktari na ambacho, kama vifaatiba vingine, kiko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Njia zisizohitaji umeme

Wakazi wa uwanda huu wamekabiliana na kiangazi tangu zamani. Nyumba za tembe, kama ile ya Kwihara alimokaa David Livingstone mwaka 1872, zilijengwa kwa kuta nene za udongo ambazo hupunguza joto la mchana kuingia ndani. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi hutoa jasho: maji hupenya vinyweleo vyake, hukauka kwa nje, yakapoza maji ya ndani na kuongeza unyevu kidogo palipowekwa.

Nyumba ya bati na saruji yaweza kunufaika kwa kanuni hiyo hiyo. Anika khanga au taulo lililofuliwa na kukamuliwa ndani ya chumba jioni. Ukitaka kujua limeongeza maji kiasi gani, lipime kwa mzani likiwa bichi, kisha ulipime tena asubuhi. Tofauti ya uzito ni maji yaliyoingia hewani. Funga madirisha yanayopokea upepo wa alasiri na kuyafungua usiku hewa inapopoa. Kwa familia nyingi hatua hizi zinatosha.

Tahadhari tatu ni za lazima. Beseni la maji lisiachwe sakafuni penye mtoto mchanga au anayejifunza kutembea, kwani mtoto huweza kuzama katika maji machache. Maji yasituame kwa siku kadhaa, maana mbu hutaga humo. Yamwagwe na chombo kisuguliwe kila siku. Na kamwe usichemshe sufuria ya maji kwa jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala kwa nia ya kupata mvuke. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Aina tatu za mashine

Ya kwanza ni mashine ya utambi na feni. Utambi au chujio hunyonya maji kutoka tangini, na feni hupitisha hewa juu yake. Kinachotoka ni mvuke usioonekana. Chumvi za maji hubaki kwenye utambi. Hewa inapokaribia kutosheka, maji hukauka polepole zaidi, kwa hiyo si rahisi chumba kulowa kupita kiasi. Aidha hupoza chumba kidogo, jambo linalofaa mwezi Oktoba. Kasoro yake ni kwamba utambi huziba na lazima ubadilishwe.

Ya pili ni mashine ya ukungu baridi. Kisahani kidogo ndani yake hutetemeka kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu na kuyapasua maji kuwa matone madogo mno. Ni kimya, hutumia umeme kidogo, na ndiyo inayotangazwa zaidi. Lakini ukungu wake ni maji yenyewe pamoja na kila kilichomo. Maji yakiwa na chumvi nyingi, vumbi jeupe litatanda juu ya meza na kuvutwa mapafuni. Maji yakiwa na vijidudu, navyo vitarushwa hewani.

Ya tatu ni mashine ya mvuke wa moto. Huchemsha maji, hivyo vijidudu vingi hufa na chumvi hubaki ndani. Hata hivyo, maji na mvuke wake huunguza. Haifai kabisa mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia au kuvuta waya wake. Nayo hutumia umeme mwingi kuliko nyingine mbili.

Maji utakayotumia ndiyo yaamue aina ya mashine

Maji ya nyumba za Tabora hayafanani. Ipo nyumba inayopata ya bomba, yakiwemo yanayotoka Ziwa Viktoria, ipo inayotegemea kisima, na ipo inayohifadhi ya mvua kwenye simtanki. Fanya jaribio hili: weka kijiko kimoja cha maji kwenye kioo au sahani nyeusi na uyaache yakauke. Yakiacha duara jeupe linaloonekana wazi, maji hayo yana chumvi nyingi. Utando mweupe mgumu ndani ya birika ni ushahidi wa namna hiyo hiyo. Mwenye maji hayo asinunue mashine ya ukungu baridi, labda awe na uhakika wa kupata maji mengine msimu mzima.

Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Maji ya mvua yana chumvi kidogo, ila huzoa vumbi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye bati, hivyo yachujwe na kuchemshwa, kisha yaachwe yapoe. Usitumie maji yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Chupa za maji safi ya kuongezea na zile za maji makali, ambayo ni asidi, huweza kukaa rafu moja, na kosa la kuchanganya hizo mbili halina marekebisho.

Ukubwa na gharama ya umeme

Mashine kubwa si lazima iwe bora. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 3 kina hewa ya mita 36 za ujazo. Kuitoa hewa hiyo kutoka unyevu wa asilimia 25 hadi 40, katika joto la nyuzi 24, kunahitaji mililita 120 hivi za maji, ambazo hazifiki nusu ya glasi ya mililita 250. Hewa ya chumba ikibadilika mara moja kila saa kupitia mianya, utahitaji kiasi hicho kila saa, yaani lita moja hivi kwa usiku wa saa nane. Madirisha yakiwa wazi, au kama hakuna dari, unyevu hutoka mara tu unapoingia, na hakuna mashine ya nyumbani itakayoushinda upepo.

Kuhusu umeme, zidisha wati kwa saa za matumizi, kisha gawanya kwa 1,000 upate uniti. Mashine ya ukungu baridi yenye wati 30 ikifanya kazi saa nane kila usiku hutumia uniti 7 hivi kwa siku 30. Mashine ya mvuke wa moto yenye wati 300, kwa saa hizo hizo, hutumia uniti 72. Mteja wa TANESCO aliye katika kundi la D1, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, angekuwa ametumia karibu mgao wake wote wa bei nafuu kwa kifaa kimoja, kabla ya kuwasha taa wala friji.

Tangini yaingie maji tu

Tangi lenye maji ya uvuguvugu yaliyosimama ni makazi mazuri ya bakteria na kuvu. Kila siku mwaga maji yaliyobaki, futa tangi na uliache likauke kabla ya kulijaza tena. Kila baada ya siku tatu sugua utando kwa siki au maji ya limau, kisha suuza mara kadhaa. Ukitumia dawa ya klorini ya kufulia kama maelekezo ya mtengenezaji yanavyoruhusu, itumie siku nyingine na kamwe usiichanganye na siki au limau, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Mvua zinapoanza, kausha mashine kabisa kabla ya kuihifadhi.

Usitie tangini marashi, mafuta ya mkaratusi, dawa za kuchua wala dawa ya kuua vijidudu. Yaliyotokea Korea Kusini yanatosha kuwa onyo. Huko, kuanzia mwaka 1994, ziliuzwa dawa za kutiwa katika maji ya mashine hizi ili kuzuia vijidudu. Zilinunuliwa zaidi na familia zenye watoto, kwa nia njema ya kuwalinda. Mwaka 2011 wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni walilazwa hospitalini mjini Seoul wakiwa na maradhi makali ya mapafu ambayo chanzo chake hakikujulikana. Uchunguzi wa mamlaka za afya ulibaini kuwa chanzo kilikuwa dawa hizo, na mwezi Novemba mwaka huo zikaagizwa kuondolewa sokoni. Wakati huo mamia ya watu walikuwa wameathirika, na wengi walipoteza maisha. Kemikali iliyotumika kusafishia vitu ilikuwa imegeuzwa kuwa kitu cha kuvutwa pumzi, usiku kucha, chumbani mwa mtoto.

Unapofika dukani

Kabla ya kulipa, mlaji anashauriwa kuhakikisha mambo yafuatayo:

1. Kibandiko kioneshe volti 220 hadi 240 na hezi 50. Mashine iliyotumika iliyotoka Japani huwa ya volti 100, na ya Marekani volti 120. Zikichomekwa moja kwa moja hapa nchini huungua na zinaweza kuleta moto.
2. Plagi iwe ya pini tatu bapa inayoingia katika soketi zetu bila kulazimishwa.
3. Mdomo wa tangi uwe mpana kiasi cha mkono wako kuingia hadi chini. Mashine usiyoweza kuisugua ndani usiinunue, hata ikiwa ya bei ndogo.
4. Ijizime yenyewe maji yanapokwisha.
5. Kiasi cha maji inachotoa kwa saa, wati zake, jina la mtengenezaji na namba ya modeli viandikwe wazi, na kuwe na maelekezo ya matumizi katika lugha unayoielewa.
6. Kama ina utambi au chujio, uliza bei yake na mahali unapopatikana Tabora. Kama jibu ni kuagiza Dar es Salaam, jumlisha nauli ya mzigo katika hesabu yako.
7. Iwashwe mbele yako, ikiwa na maji, kwa dakika chache.

Dai risiti ya EFD na hati ya dhamana yenye tarehe. Viviweke pamoja na boksi.

Ikiwa bidhaa ina kasoro

Acha kuitumia mara moja na kuichomoa. Piga picha kibandiko na kasoro yenyewe, kisha irejeshe kwa muuzaji ukiwa na risiti. Usikubali fundi wa mtaani aifungue kwanza, kwa kuwa muuzaji anaweza kukataa dhamana kwa sababu hiyo. Muuzaji asipotoa suluhisho, malalamiko yanayohusu udanganyifu, maelezo ya uongo au bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mashaka juu ya ubora na usalama wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Katika barua yako taja jina la duka, tarehe ya ununuzi, namba ya modeli na unachotaka kifanyike: kurejeshewa fedha, kubadilishiwa au kutengenezewa.

Mlaji aliyepima kwa siku saba atakuwa amelinda fedha zake kwa njia moja kati ya mbili. Huenda ataona kwamba khanga mbichi na dirisha lililofungwa mchana vinamtosha. Au atanunua mashine inayolingana na chumba chake, maji yake na muda alionao wa kuisafisha kila siku. Asiyekuwa na muda huo ni salama zaidi kukaa bila mashine kuliko kuwa na mashine chafu.